Mwana Atokaye Nyumbani kwa Wazazi Wake

Wakatekumeni wafikapo somo la amri ya nne, ile iwaagizayo watoto kuwaheshimu baba na mama, katekista huulizwa maswali mengi. Wadogo huuliza habari za kutumwa maji na kuni. Lakini vijana, hasa wale wenye ndugu walio mjini Goma, huuliza swali gumu zaidi: je, mtu akiisha kutoka nyumbani kwa wazazi wake na kupanga chumba chake mwenyewe, amri hiyo yamfunga bado? Tena, kutoka kwenyewe kabla ya kuoa au kuolewa, si dharau kwa wazazi?

Swali hili halikuwasumbua sana mababu. Katika vijiji vya Rutshuru na Masisi kijana alitoka kwa njia iliyojulikana na wote. Baba alimkatia sehemu ya shamba, wenzake wakamsaidia kusimamisha miti na kukandika udongo, mahari ikapelekwa, akaoa. Nyumba yake ilionekana kutoka mlangoni mwa mama yake, na asubuhi mama aliweza kujua kwa moshi kwamba mwanawe ameamka. Binti naye alitoka siku ya arusi, akisindikizwa na shangazi zake kwa nyimbo na machozi. Kutoka kulikuwa na siku yake, mashahidi wake na baraka yake. Aliyetoka kwa njia nyingine alihesabiwa kuwa mtoro.

Hali ya Majengo ni nyingine. Mtaa huo uko Goma, katika komini ya Karisimbi, upande wa kaskazini uelekeao mlima Nyiragongo. (Jina lenyewe si geni kwa wasemao Kiswahili: Mombasa ina Majengo yake, Nairobi vilevile, na Moshi.) Ardhi yake ni mawe meusi, moto wa mlima uliopoa. Nyumba nyingi ni za mbao na mabati, nazo zimekaribiana hata jirani akikohoa usiku watu husikia. Baba mwenye wana watano hawezi kukigawa kiwanja chake mara tano, maana hata mahali pa kupikia hapatoshi. Basi kijana wa miaka 23, aliyepata kazi ya kuuza dukani au kuendesha pikipiki ya abiria, hulala na wadogo zake watatu katika chumba kimoja, wala hana shamba la kungojea. Siku moja hupata chumba katika avenyu nyingine, humlipa mwenye nyumba garanti ya miezi kadhaa, hununua godoro, bidoni ya maji na mbabula, naye huhama. Mila haikuweka siku ya kutoka namna hiyo. Haikukataza, wala haikuonyesha njia. Ndiyo sababu dhamiri ya kijana hubaki na shaka, na moyo wa wazazi hubaki na uchungu.

Mazungumzo ya siku hiyo hufanana katika nyumba nyingi. Mama huuliza, “Mwanangu, tumekukosea nini?” Kijana hujibu, “Hamkunikosea, mama. Nimekuwa mtu mzima.” “Na mtu mzima hali bugali wa mama yake?” “Nitakuja kula, mama.” “Mgeni ndiye huja kula.” Baba hukaa kimya, ama husema neno moja tu, “Mwacheni aende.” Neno hilo laweza kuwa baraka, laweza kuwa laana, hutegemea sauti.

Mama huyo asichekwe. Haulizi habari za chumba. Auliza kama yeye angali mama.

Basi Maandiko Matakatifu yafundisha nini? Mwanzoni kabisa, katika kitabu cha Mwanzo, imeandikwa kwamba mwanaume atawaacha baba na mama yake, ashikamane na mkewe. Neno hilo lilitangulia amri zilizotolewa mlimani Sinai. Mungu aliyeagiza kuwaheshimu wazazi ndiye aliyekwisha kusema kwamba siku yaja ya kuwaacha, naye Mungu hajipingi mwenyewe. Kwa hiyo kuwaacha wazazi kwaweza kuwa bila kosa, na kuwaheshimu kwawezekana hata kwa mtu asiyelala nyumbani mwao. Tena Bwana wetu Yesu Kristu, aliyekuwa mtiifu kwa Maria na Yosefu huko Nazareti, alitoka nyumbani alipopata miaka kama thelathini, akaenda kuifanya kazi ya Baba yake. Hakuna asemaye kwamba alimdharau mama yake. Hata msalabani, katika maumivu yale, alimtafutia mahali pa kukaa, akamkabidhi kwa mwanafunzi wake Yohane.

Wengine hukumbusha hapo mfano wa mwana mpotevu, wakidhani kwamba ni hukumu juu ya kila mtoto aondokaye. Wasomao vizuri huona jambo jingine. Yule kijana hakukosa kwa kwenda mbali tu. Alidai urithi wakati baba yake angali hai, kana kwamba baba amekwisha kufa. Ndipo akautumia kwa anasa. Naye kaka yake, ambaye hakutoka hata siku moja, alikataa kuingia nyumbani kwa sababu ya kijicho, na baba akalazimika kutoka nje kumsihi. Yupo basi mtu akaaye miaka yote chini ya paa la baba yake huku moyo wake u mbali. Jambo hili lafaa kufikiriwa na wale wajisifuo kwamba hawakuwaacha wazazi, hali hawasemi nao neno jema tangu Jumatatu hata Jumapili.

Mfano wa kutoka vizuri waonekana zaidi katika kitabu cha Tobiti, kisichosomwa sana, nacho ni hazina. Mzee Tobiti alikuwa kipofu na maskini. Alimtuma mwanawe Tobia safari ya mbali kwenda kuchukua fedha aliyoiweka kwa mtu. Kabla ya safari alimfundisha: amheshimu mama yake siku zote, awape maskini, amtafute mwenzi wa njia aliye mwaminifu. Mama alilia, akasema kwamba fedha hailingani na mtoto. Hakuna aliyemkemea kwa machozi yake. Tobia akaenda pamoja na mwenzi asiyemjua kuwa ni malaika Rafaeli, akapata mke huko. Na mkwewe alipomshika akae karamuni siku nyingi, Tobia alikosa raha, kwa kuwa alijua kwamba huko nyumbani baba yake alikuwa akihesabu siku. Hapo ndipo heshima yake huonekana wazi. Alikuwa mbali, alikuwa mume wa mtu, alikuwa katika furaha kubwa, na bado aliwaza mzee kipofu ahesabuye siku.

Kanisa hutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani utii na heshima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mtoto akaaye nyumbani kwa wazazi yampasa kuwatii katika yote wamwagizayo kwa faida yake au ya jamaa, isipokuwa dhamiri yake ina hakika kwamba agizo fulani ni baya. Utii huo hukoma mtoto awapo mtu wa kujitegemea. Heshima haikomi kamwe. Sheria ya Kanisa na sheria ya Kongo zote mbili humhesabu mtu kuwa mkubwa afikishapo miaka 18. Lakini miaka peke yake haimalizi jambo. Mtu wa miaka 25 alaye kila jioni katika chungu cha mama yake angali chini ya taratibu za nyumba ile. Asipotaka kuulizwa alikolala, atafute kwanza pa kulala.

Kwa nini utii ukome na heshima isikome? Sababu yake si ngumu. Utii una kazi yake: ni wa kumlea mtu mpaka aweze kujiongoza. Siku ya hukumu Mungu atamwuliza kila mtu matendo yake mwenyewe, wala hakuna atakayeweza kujibu, “Muulizeni baba.” Wazazi wamewekewa amana kwa muda. Walimaji wa kahawa walijua hilo katika mimea yao. Mche hukaa kitaluni chini ya kivuli. Ukitolewa mapema, jua huuchoma. Ukiachwa kupita siku zake, mizizi hujikunja, nao haufai tena hata ukipandwa katika udongo mwema. Lakini heshima yatokana na jambo lililokwisha kutendeka, ambalo hakuna awezaye kulitangua: hawa wawili walimpa uhai, walimwosha, walikesha alipokuwa na homa. Mtu aweza kuhama mtaa, aweza kuhama nchi. Hawezi kuhama kuzaliwa kwake.

Hapo swali la kwanza la vijana limejibiwa, ila jibu lina mzigo ndani yake, na mzigo huo kwa kawaida huwa fedha. Kijana wa Majengo alipokuwa nyumbani alinunua makala na unga, akamlipia mdogo wake ada ya shule. Akiisha kuhama, kodi ya chumba humla. Mwezi wa kwanza hupeleka kidogo, mwezi wa pili huleta sababu, mwezi wa tatu hupita njia nyingine ili asikutane na mama yake penye soko la Virunga. Watu wa namna hii walikuwapo hata zamani za Bwana Yesu. Walisema kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo hawana cha kuwapa wazazi wao. Na Bwana aliwakemea kwa ukali, akasema kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kama hata sadaka ya hekalu haikuweza kuwa kisingizio, je, godoro na simu mpya? Sheria ya familia ya Kongo, iliyotungwa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, nayo yatambua wajibu wa kutunzana kati ya wazazi na watoto. Mtu asiyeogopa dhambi ajue basi kwamba hata serikali haikumwachia nafasi.

Lakini wazazi nao wana mtihani wao. Wako wamwonao mtoto kama shamba lililozaa, nao hulia siku ya kuhama kwake kwa ajili ya mshahara uondokao. Hao wakisema, “Umetudharau,” hutumia amri ya Mungu kama kamba ya kufungia mbuzi. Msaada hupimwa kwa uwezo wa mtoto na kwa uhitaji wa wazazi. Mzee asiyeweza kufanya kazi hana kipimo kimoja na baba mwenye nguvu akaaye kwenye pombe akingoja mwisho wa mwezi.

Liko jambo zito kuliko fedha. Nyumbani kuna macho. Mama huona nani aja na nani atoka. Baba husikia mlango ukifunguliwa usiku. Wadogo husema kila kitu. Chumba cha kupanga hakina macho. Vijana wengine huhama kwa sababu hiyo hiyo, ijapokuwa husema ni kwa sababu ya nafasi. Mwezi haujaisha, msichana ameingia na nguo zake, na wawili huishi kama mume na mke bila mahari, bila neno kwa wazee wa pande zote mbili, bila sakramenti ya ndoa. Mtoto huzaliwa, ndipo wazee huambiwa. Kijana wa hivyo hakuhamia chumba, alihamia maficho. Kwa binti shaka ya watu ni kali zaidi, na mara nyingi ni ya uonevu: yuko mwalimu au mwuguzi mwaminifu apangaye chumba karibu na kazi yake, naye husemwa vibaya kwa sababu tu hana mume, huku kaka yake mwenye maficho hasemwi. Mkristu asishiriki katika maneno hayo. Sheria ya Mungu juu ya usafi wa moyo ni moja kwa mume na kwa mke.

Goma yenyewe imepewa mfano wa mtu aliyefanya vema mahali pasipo macho ya wazazi. Floribert Bwana Chui alizaliwa katika mji huo tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, alikuwa wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani. Alipata kazi katika ofisi ya serikali ichunguzayo bidhaa zipitazo mpakani. Huko watu walitaka kumpa fedha ili aachilie chakula kilichoharibika kiingie mjini. Katika ofisi ile baba hakuwapo, wala mama, wala padri. Alikataa. Mnamo Julai 2007 alikamatwa na watu wasiojulikana, akateswa na kuuawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa kuwa Mwenye heri. Wazazi wengi huuliza watajuaje kama mwana wao yu tayari kutoka. Mfano huu waonyesha mahali pa kutazama: je, kijana afanya nini pale ambapo hakuna amwonaye ila Mungu?

Labaki swali la mtoto ambaye wazazi wamekataa kabisa asitoke. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa katika karne ya 13, alilijua swali hili kwa mwili wake: alipotaka kuwa mtawa wa Mtakatifu Dominiko, ndugu zake walimkamata njiani, na jamaa ikamzuia karibu mwaka mzima. Baadaye aliandika kwamba katika kuoa au kutooa mtoto hafungwi kuwatii wazazi. Karibu zaidi na Kivu ni Mwenye heri Anuarite Nengapeta wa Wamba. Simulizi za maisha yake husema kwamba alipanda lori lililowapeleka wasichana kwenye nyumba ya watawa ya Bafwabaka bila mama yake kujua. Aliweka nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959 katika shirika la Jamaa Takatifu, na siku ile wazazi wake walikuwapo, tena, yasimuliwa, walileta mbuzi wawili kwa furaha. Aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda nadhiri yake. Mungu akiita, basi, mzazi hawezi kuwa ukuta. Na mtoto anayelazimishwa nyumbani kuiba, kudanganya au kushiriki uganga aweza kuondoka bila kungoja ruhusa. Lakini mifano hii isitumiwe vibaya. Anuarite alikimbilia nyumba yenye kanuni kali kuliko ya mama yake, na atakaye kujilinganisha naye aangalie kwanza yeye akimbilia nini.

Tena watu wa Goma wamejifunza tofauti kati ya kutoka na kufukuzwa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuliteketeza kanisa kuu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena na kusimama Buhene, karibu sana na Majengo. Siku tano baadaye mitaa kumi ya mji, Majengo ikiwa mojawapo, iliamriwa kuhama. Maelfu kwa maelfu walikwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Vita vya Novemba 2012 na vya Januari 2025 viliwatawanya wengine. Wako vijana waliolala peke yao mara ya kwanza katika usiku wa namna hiyo, bila kuchagua. Hao hawakuvunja amri yoyote. Kijana atokaye mchana, baba yake akiwa amesimama mlangoni na nyumba ikiwa ingali imesimama, amepata jambo ambalo wenzake wengi walinyimwa. Yafaa asilitumie kwa hasira, kwa kutoa mizigo yake wakati mama yu sokoni.

Kwa kuwa mila haikuweka siku, jamaa ya Kikristu yaweza kuiweka. Baadhi ya wazee wenye busara hufanya hivi: kijana husema nia yake mapema, mwezi au miezi miwili kabla, baba huenda mwenyewe kukiona chumba na kusalimiana na mwenye nyumba, jioni ya kuamkia siku ile watu wote wa nyumba husali pamoja, na baba humwekea mwanawe mkono kichwani. Mama hutoa sufuria moja katika zile zake. Wengine hucheka, wakisema kwamba sufuria hununuliwa popote. Ni kweli, ila sufuria ile huenda na haki ya mama kuja kuona kinachopikwa ndani yake.

Mkatekumeni wa kijijini aendaye Goma kufuata kazi ana jambo moja zaidi. Miaka yake ya mafundisho imeandikwa katika daftari la katekista wake, wala mjini hakuna aijuaye. Kabla ya kuondoka amwombe katekista barua yenye sahihi ya padri, ionyeshayo masomo aliyoyamaliza. Akifika, aipeleke katika parokia ya mtaa wake Jumapili ya kwanza, aulize ni shirika gani lililo karibu na chumba chake na lakutana siku gani, na amtaje huko baba yake kwa jina na kijiji alikotoka. Wasiopeleka barua huanza masomo upya, na baadhi yao, kwa kuona haya, hawaanzi tena.